Waifai ya Mwahija na Kaka wa Ziwa Moja

Zamani ukimuuliza Mwahija wa Kivinje wako wangapi kwao, alikuwa anakwambia wanne, halafu anajirudi mwenyewe: "Na Iddi, watano." Siku hizi anasema wanne, anaendelea kuchambua mchele wake.

Huyo Iddi hakuzaliwa na baba wala mama yake Mwahija. Walizaliwa wiki moja, nyumba jirani. Mama yake Iddi homa ya uzazi ikamshika, akapelekwa hospitali Lindi, akakaa huko miezi. Ndo mama yake Mwahija, Bi Maimuna, akambeba mtoto wa watu akamnyonyesha pamoja na wake, mmoja kulia mmoja kushoto, mpaka wote wakatambaa. Kwetu huku hilo si jambo dogo. Mkishanyonya ziwa moja nyie ni ndugu, kuoana haramu, na dada hamfichi kaka nywele zake. Kwa hiyo Iddi nyumba ile alikuwa anaingia bila hodi. Anapita sebuleni, anapita ukumbini, anatokea uani, anafunua chungu aone leo kuna nini. Wamefika miaka hamsini na kitu, na bado mtu mzima anafunua chungu.

"We Iddi, mkeo hapiki?"

"Anapika. Ila hana mkono wa Bi Maimuna."

Nyumba yenyewe ni ya mawe, ya zamani, ya baba yao Mzee Kondo. Kuta za matumbawe na chokaa. Ukiingiza mkono dirishani, kiwiko kinabaki ndani na vidole bado havijafika nje. Mume wa Mwahija alishafariki, watoto hakujaliwa, kwa hiyo alikuwa anapangisha vyumba, na anapangisha wanawake watupu: manesi, walimu wageni, mabinti wa mabenki kule Kilwa Masoko. Ndo sifa yake. Mzazi akiletewa habari kwamba binti yake kapangiwa kazi Kilwa, anaulizia kwa Mwahija kwanza, maana pale mwanaume mwisho sebuleni. Fundi bomba aliwahi kutengeneza bomba la uani kwa kupiga kelele dirishani huku Iddi ndo anakaza nati ndani. Bomba linavuja mpaka leo, lakini heshima ilibaki.

Tatizo lilianza Mzee Kondo alipofariki. Watoto ni wanne, na watatu hawaishi Kivinje. Kaka mkubwa, Nurdin, yuko Mbagala, Dar, ndo msemaji wa wenzake. Mwaka wa pili akasema nyumba haiingizi kitu cha maana, paa linaoza, tuuze tugawane kila mtu achukue fungu lake. Mwahija akalia kwenye simu. Akaomba. Nurdin si mtu mbaya, akampa muda: "Mpaka Idi ya kuchinja. Ukipata mpangaji wa nyumba nzima, wa kueleweka, wa mwaka mzima, hatuuzi. Usipopata, dada, usinililie tena."

Sasa mwezi wa Shaaban, Mungu si Athumani, wakaja watu wa mradi wa mwani. Wanawake sita, wanafundisha akina mama kulima mwani na kuukausha. Mkuu wao anaitwa Getrude, mtu wa huku huku, mzaliwa wa Likawage, kasoma, mpole, anaamkia kila mtu. Wakaitaka nyumba nzima, mwaka mzima. Walipenda ua, walipenda utulivu, walipenda kwamba hamna wanaume wanaozagaa.

"Ila mama," Getrude akasema, "sisi kazi yetu ni mtandao. Kila mmoja jioni anatuma ripoti na anakaa kikao cha video na wakubwa zetu, akiwa chumbani kwake. Mtandao usipofika vyumba vya uani, hatutaweza. Tutakuja kujaribu baada ya Idi ya Ramadhani."

Mwahija akamwambia utafika. Alikuwa hajui utafikaje, lakini utafika.

Siku ya pili akamwita Abilahi, kijana wa Masoko, fundi wa mambo hayo. Na kwa kuwa Abilahi ni mwanaume, akamwita na Iddi. Iddi ana duka la simu na vifaa vyake pale Masoko, kwa hiyo Mwahija aliona Mungu kampa vyote viwili, mtaalamu wa kusimama sebuleni na ndugu wa kuingia ndani.

Abilahi akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa.

"Mama, huu ukuta unakula mtandao. Rauta yako, hii inayoleta mtandao, iko hapa sebuleni, ukienda chumba cha tatu huko huna kitu. Unahitaji meshi."

"Ndo nini hiyo?"

"Vijisanduku vitatu. Kimoja hapa, kimoja ukumbini, kimoja uani. Vinarushiana mtandao vyenyewe, hewani, bila waya. Umeona mafundi wanavyomwaga zege wanavyopokezana karai? Ndo hivyo. Sasa ziko za aina mbili. Kuna hii ya kawaida, ambayo njia wanayopita wapangaji na simu zao ndo hiyo hiyo vijisanduku vinapokezania karai. Wakijaa watu, karai zinagongana. Halafu kuna yenye njia ya tatu, ya vijisanduku peke yao, simu ya mtu haiingii humo. Kwa kuta hizi chukua hiyo. Na ukinisikiliza mimi kabisa, ningetoboa tundu la kidole nikapitisha waya kutoka hiki mpaka kile. Nikalale bila wasiwasi."

Iddi alikuwa kaegemea mlango wa ukumbini. Akacheka.

"Utoboe nyumba ya Mzee Kondo? Bwana mdogo, umetumwa na panya?"

"Tundu la kidole tu, bwana mkubwa."

"Kidole cha nani? Hii chokaa ukiigusa hapa, inadondoka kule. Dada, msikilize vizuri, huyu anatafuta kazi ya wiki nzima."

Mwahija na yeye akacheka. Aliposikia ukuta utatobolewa, moyo ulimruka. Akauliza, hiyo yenye njia ya tatu je?

"Ile nyeusi?" Iddi akasema. "Ninazo dukani. Ila ile ya mahoteli, Mwahija. We hoteli? Hii nyeupe inakutosha na inabaki. Nimekuja nayo, tuijaribu sasa hivi mbele ya fundi wako, asije akasema nimekuuzia mbuzi kwenye gunia."

Abilahi akaomba aingie akapime mwenyewe. Mwahija akamwambia kwa adabu, mwanangu, ndani hapaingii mwanaume, kaka yangu atakupimia. Abilahi akakaa kwenye kiti cha sebuleni, akaweka mikono magotini kama mtu anayesubiri zamu ya kunyolewa.

Iddi akaingia na vijisanduku vyake vyeupe, Mwahija nyuma yake. Kimoja kilibaki sebuleni kwenye rauta, kimoja ukumbini juu ya kabati, kingine chumba cha uani karibu na kitanda. Taa zikawaka. Iddi akatoa simu, akapaza sauti:

"Imejaa! Vimistari vyote!"

Abilahi akajibu kutoka sebuleni, "Usiangalie vimistari, bwana Iddi! Hivyo vinakwambia uko karibu na kisanduku tu. Kisanduku chenyewe kinapata? Fungua video uone!"

Iddi akabofyabofya simu. Kisha akamsogezea Mwahija. Video inacheza, haikwami hata kidogo. Ilikuwa harusi ya mtoto wa kwanza wa Iddi, ngoma imekolea, na katikati ya akina mama alikuwemo Mwahija mwenyewe, kajifunga kanga kiunoni, anakatika bila aibu.

Mwahija akacheka mpaka akashika ukuta. "Inacheza, mwanangu!" akamwambia fundi. "Hata mie nimejiona!"

"Kama inacheza, sawa," Abilahi akasema. Akaaga, akaondoka. Vijisanduku vyeupe vikabaki palepale.

Ramadhani ikaingia, ikatoka. Nyumba haikuwa na wapangaji kipindi kile, kwa sababu Mwahija aliwaondoa wawili waliokuwepo ili awapishe watu wa mradi. Yeye mwenyewe video za nini? Anapiga simu za kawaida, anasikiliza mawaidha redioni. Akapaka chokaa vyumba vyote sita vya wapangaji. Akashona mapazia. Akamwambia Nurdin kwenye simu, "Kaka, nimepata watu," na Nurdin akasema alhamdulillahi, na kweli alifurahi, ilisikika.

Jumamosi ya pili baada ya Idi, Getrude akaja na wenzake wawili. Wakafungua kompyuta zao chumba cha uani. Vimistari vimejaa. Getrude akampigia bosi wake kwa video, yule bosi akatokea, akasema "Haloo Ge..." akaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba. Wakasubiri. Akarudi, akasema neno, akaganda tena. Wenzake nao walipojiunga, hata hilo neno moja hawakulipata.

"Labda vikao vya leo ni vizito," Mwahija akasema. Mwenyewe alisikia alivyosema upuuzi.

Wakahamia ukumbini, ikawa vilevile. Wakahamia sebuleni, ikawa safi kabisa. Getrude akakunja kompyuta taratibu, akamshika Mwahija mkono, akasema watamjulisha.

Hawajafika hata barabarani, Mwahija keshampigia Abilahi. Akaja na pikipiki, akasimama sebuleni kama kawaida yake.

"Vimistari vimejaa na hamna kitu," Mwahija akamwambia. "Mbona siku ile ilicheza?"

"Ilicheza nini, mama?"

"Video. Harusi ya mtoto wa Iddi. Si nilikwambia nimejiona?"

Abilahi akakuna kidevu.

"Mama, hiyo video ilitoka kwenye mtandao, au ilikuwamo kwenye simu yake?"

"Zina tofauti?"

"Ya kwenye simu inacheza hata porini. Hata ukizima waifai. Hata ukiwa kisimani."

Mwahija akakaa. Lakini hakumfikiria Iddi vibaya, wallahi. Alimtetea. Akasema Iddi ni mtu wa haraka, hakuelewa alichoulizwa. Abilahi akamwangalia tu, na kwa heshima hakusema alichokuwa anakifikiria, kwamba yule mtu anauza simu mwaka wa kumi na mbili huu.

Getrude ndo aliyekuja kusema, Jumatatu, na wala hakujua kwamba anasema kitu. Alikuja kuaga vizuri kwa sababu kalelewa vizuri. Kaleta na korosho za kwao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Mama, samahani sana. Tumepata kule Masoko, nyumba ya kaka yako. Si mbali, tutakuwa tunakuja kukusalimia."

"Kaka yangu yupi?"

"Si Iddi? Mtandao wake mzuri kweli. Na mama, usijilaumu, kaka yako alituambia mapema. Tulipopita dukani kwake kununua vocha, siku ileile ya kwanza tulipokuja kwako, alisema kuta za nyumba yenu ni nene, mtandao haupiti hata mfanyeje. Alisema yeye anamalizia nyumba yake. Mimi ndo nikasema hapana, kwanza tumpe mama nafasi, tujaribu."

Mwahija akapokea zile korosho. Akasema asante. Akauliza habari za Likawage, mvua zilikuwaje, wazazi hawajambo, akajibiwa yote na hakusikia hata moja. Alikuwa anahesabu siku. Siku ya kwanza walipokuja ilikuwa Shaaban. Fundi aliitwa kesho yake. Kwa hiyo Iddi alipokuwa kaegemea ule mlango anacheka habari za panya, alikuwa keshasema. Alipokuwa anampa simu ajione anacheza harusini, keshasema.

Akapanda bajaji mpaka Masoko.

Nyumba ya Iddi ni mpya, ya tofali, bado inanuka rangi; yeye na mkewe wako vyumba vya mbele, vya nyuma vyote kawaachia watu wa mradi. Biasha, mke wa Iddi, akamfungulia kwa shangwe, wifi huyo, wifi karibu. Mwahija kwa mazoea ya miaka yote akaingia na mtandio ukaanguka mabegani. Iddi alikuwa kakaa anakula. Na juu ya kabati la vyombo, nyuma yake, kulikuwa na kijisanduku cheusi. Mwahija akachungulia korido, akaona kingine.

"Hizi si za mahoteli?" akauliza.

Iddi akatazama kabati, akatazama sahani. Akanawa mkono, polepole, kidole kimoja kimoja. Biasha aliona hali ya hewa imebadilika, akaenda jikoni.

"Kaa, Mwahija."

"Sikai. Ulijua itashindwa?"

"Nilijua."

Basi, hivyo tu. Mwahija njia nzima kwenye bajaji alikuwa anapanga maneno ya kumbana mtu anayekataa. Hakupanga maneno ya mtu anayekubali.

"Nimekukosea nini?"

"Wewe? Hujanikosea." Iddi akajifuta mikono. "Mzee Kondo aliumwa miezi minane. Nani alikuwa anambeba kumpeleka chooni? Nurdin alikuwa wapi? Nani alipanda juu ya paa kila masika? Halafu siku ya mirathi, Mwahija, mimi nilikaa wapi?"

Iddi akajijibu mwenyewe.

"Barazani. Na wapita njia. Sheikh akasema kunyonya kunaleta undugu, hakuleti urithi. Mkaitikia wote. Na wewe uliitikia, nilikusikia kupitia dirishani. Hata kutoka nje ukaniambia Iddi pole, hukutoka. Ulituma mtoto wa jirani na sahani ya pilau."

"Ndo sheria, Iddi. Sikuitunga mimi."

"Najua sheria. Siidai sheria. Mimi nilikuwa nasubiri mtu aseme neno tu."

Yaani kinachouma ni kwamba alikuwa na haki ya kuumia. Mwahija aliliona hilo palepale, akaiona ile sahani ya pilau. Angekuja akasema, wangelia wote wawili yakaisha. Lakini huyu alikaa na kidonda chake miaka miwili, huku anaingia bila hodi, anafunua chungu, anakula, anashiba, anarudi kwake. Alimngojea mpaka akafika mahali ambapo akisukumwa kidogo tu anaanguka, akamsukuma na video ya harusi.

Mwahija akaushika mtandio mabegani, akaupandisha kichwani. Akaubana chini ya kidevu, nywele zote zikapotea ndani, mpaka zile za pembeni ya masikio.

Iddi aliposimama, kiti kilianguka.

"Mwahija. Mimi hunifichi."

"Mwambie mkeo asante, sinywi chai."

"Ziwa halifutiki, Mwahija! Hata ukijifunika gubigubi!"

"Najua halifutiki," akasema. "Lingekuwa linafutika ningekwenda kumwamsha mama kaburini, nikamwambia alifute."

Akatoka. Biasha alikuwa kasimama mlango wa jikoni na birika mkononi.

Kesho yake akamwita Abilahi. Kijana akaja, akasimama sebuleni, akakaa kwenye kiti chake.

"Inuka," Mwahija akamwambia. "Pita."

"Ndani?"

"Ndani. Toboa."

Abilahi akavua viatu, akapita huku anatazama chini kama yuko msikitini. Chokaa haikudondoka. Matumbawe yalikuwa magumu, yakala vyuma viwili vya kutobolea, vumbi jeupe likajaa ukumbini mpaka wote wawili wakawa kama wameanguka kwenye unga. Mwahija alikuwa anashika ngazi. Mchana aliweka wali na samaki, wakala mkeka mmoja, yeye kajifunika vizuri, kijana kageukia upande. Ilipofika alasiri waya umepita kuta tatu, na tundu lenyewe kweli la kidole tu. Vijisanduku vilevile vyeupe, sasa vinashikana kwa waya. Abilahi akafungua video ya moja kwa moja chumba cha mwisho kabisa cha uani. Ikapita bila kukwama.

Mwahija akampigia Getrude hapohapo. Getrude alisikitika, hakuigiza. Alisema mama, tumeshasaini, tumeshalipa mwaka, wakubwa hawatanielewa. Mwahija akamwambia hakuna neno, mwanangu.

Yakabaki majuma saba kufika Idi ya kuchinja. Akatafuta wapangaji, akapata nesi mmoja, na mwalimu mmoja aliyesema atafikiria.

Nurdin akapiga Ijumaa ya mwisho kabla ya Idi, baada ya swala, kwa video. Mwahija akaipokelea chumba cha uani. Mara ya kwanza katika maisha yake kumwona kaka yake kwenye simu vizuri vile, mvi moja moja ya ndevu, na kovu la nyusi alilopata walipokuwa wadogo. Salamu zikaisha. Nurdin akakohoa.

"Dada, si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana."

"Sasa usivunjike moyo, kuna habari ya heri ndani yake. Kuna mtu wa Lindi aliitaka, sikumpa. Kapatikana mnunuzi bora zaidi. Bei nzuri, hachagui, anasema hata paa atalitengeneza mwenyewe. Na nyumba inabaki kwetu kwetu, haiendi kwa mgeni."

"Nani?"

"Iddi! Si bora abaki nayo ndugu?"

Mwahija akaitazama ile sura. Nurdin alikuwa anatabasamu. Hakujua chochote, masikini, alidhani kaleta zawadi.

"Kasema na wewe utakaa humohumo mpaka mwisho wa maisha yako," Nurdin akaendelea. "Hakutoi. Kasema dada yangu atakaa kwangu."

Kwangu. Mwahija akaona alivyopangiwa chumba chake mwenyewe. Akawaza kueleza yote, kisanduku cheupe, kisanduku cheusi, harusi, panya. Akaona ni hadithi ndefu, na mwisho wake Nurdin atauliza lile swali, kwani siku ya mirathi wewe ulisema nini.

"Fungu langu siuzi," akasema.

"Unasemaje?"

"Mna mafungu yenu, uzeni. Langu siuzi, sisaini, si kwake wala kwa mtu wa Lindi. Mkitaka mahakama, twende mahakamani tukazeeke huko."

Nurdin akasogeza uso kwenye simu, akaipigapiga. "Mwahija? Naona kama mtandao wako unakatakata. Rudia, sijakusikia."

"Umenisikia, kaka. Mtandao hauna tatizo."

Nurdin hakukata simu, na Mwahija hakukata. Wakabaki wanaangaliana, kila mmoja anamwona mwenzake anavyopumua.